Sura si nasaba: funzo la kamba wa Ziwa Tanganyika

Ndugu msomaji, miongoni mwa mambo yanayomponza mwanadamu ni kuhukumu asili kwa sura. Hilo walilijua vyema watu waliowahi kuishi Lukole, wilayani Ngara, katika kambi ya wakimbizi iliyofungwa mwaka 2008. Wengi wao walivikimbia vita vilivyozuka Burundi mwaka 1993, vita ambavyo watu waliuawa kwa kudhaniwa tu, kwa kimo au umbo la pua, kuwa ni wa kabila fulani. Leo tuitazame hatari hiyo mahali pasipotarajiwa: katika elimu ya kuwapanga viumbe, kwa mfano wa kamba wadogo wa Ziwa Tanganyika, ambalo Burundi na Tanzania hupakana nalo.

Mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu wa Kiingereza, J. E. S. Moore, alilitembelea ziwa hilo akakuta konokono wenye magamba mazito yenye nakshi, mfano wa konokono wa baharini. Katika kitabu chake, The Tanganyika Problem, cha mwaka 1903, alidai kuwa ziwa hilo ni mabaki ya bahari ya kale. Hoja yake kubwa ilikuwa sura.

Kamba aliowakusanya walichunguzwa na W. T. Calman, ambaye mwaka 1899 aliwaundia jenasi mpya, Limnocaridina. Jenasi ni mfano wa ukoo unaokusanya spishi zenye asili moja. Kuiunda si kubuni jina tu, bali ni kutoa ushahidi wa nasaba. Kiumbe huhifadhiwa katika pombe kali, viungo vyake hutenganishwa kimoja kimoja chini ya hadubini, huchorwa, hulinganishwa na jenasi zilizokwisha kujulikana, kisha matokeo huchapishwa. Kielelezo chenyewe huwekwa katika makumbusho, ili mwenye shaka aje ajionee.

Ushahidi wa kamba haukuiunga mkono bahari. Calman aliwaweka katika familia ya Atyidae, inayotambulikana kwa vishungi vya nywele kwenye ncha za makucha, na ambayo takriban yote huishi katika maji baridi. Mwaka 1904 hadi 1905 W. A. Cunnington alikusanya viumbe wengine ziwani humo, na mwaka 1906 Calman akaongeza jenasi mbili, Caridella na Atyella. Cunnington naye akaikataa nadharia ya bahari.

Dalili zilizofuata zilimaliza ubishi. Ziwa hukadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12, ilhali konokono wa baharini ambao Moore aliwafananisha na wa ziwani ni wa zama zilizokwisha zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita. Kaa wa jenasi ya Platythelphusa, wenye sura ya kaa wa pwani, walipopimwa vinasaba walidhihirika kuwa ni jamaa wa kaa wa maji baridi wa Afrika.

Basi kwa nini wafanane na wa baharini? Ni kwa sababu ya mazingira. Kaa hao wana makucha yenye nguvu za kuvunja konokono, na konokono wenye magamba mazito ndio wanaosalimika. Magamba yale ni ngao, wala si cheti cha kuzaliwa.

Tusimdharau Moore kwa kukosea. Vielelezo alivyovileta ndivyo vilivyosaidia kumsahihisha, kwa kuwa alivihifadhi, hakuvificha.

Ndugu msomaji, ikiwa kamba mwenye urefu wa sentimita chache hapewi ukoo mpaka achunguzwe na ushahidi wake uhifadhiwe, vipi mwanadamu ahukumiwe kwa pua yake? Tena, kamba huulizwa nasaba ili ajulikane tu. Ama mwanadamu, nasaba yake, iwe yoyote ile, haimwondolei haki ya kuishi.