Je, Wajua? Maji Chini ya Chuo

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Birmingham, kule Uingereza, kimejengwa juu ya jangwa? Naam! Mwamba wa mchanga ulio chini yake ulijengeka miaka milioni 240 hivi iliyopita, nchi ile ilipokuwa kame na yenye joto kali. Leo jangwa hilo limejaa maji.

Yanakaa wapi? Usifikirie ziwa la gizani. Yamejibana kati ya chembe na chembe, maana robo ya mwamba kama huo yaweza kuwa vitundu vitupu. Piga hesabu: mita moja ya ujazo hubeba lita 250, yaani madumu 12 na nusu ya lita 20, ndani ya jiwe ambalo ukilishika utaapa ni kavu! Ila si yote yanayotoka ukipampu. Mengine hung'ang'ania chembe na hayabanduki.

Wajua kuwa Dar es Salaam hupata mvua nyingi kuliko Birmingham? Dar huvuka milimita 1,000 kwa mwaka, Birmingham ni kama 800. Hata hizo 800, zikinyesha kwenye hekta moja ya chuo, ni lita milioni 8! Nyingi hunywewa na miti, huvukizwa na jua au huishia mitaroni, na zinazobaki ndizo huzama.

Lakini mwamba huo unalishwa pia na mabomba yanayovuja. Tangu 1904 jiji hunywa maji ya milima ya Wales, yanayosafiri kilomita 118 bila pampu hata moja, kwa mteremko wa mita 52 tu. Yakivuja mitaani, maji ya Wales huingia kwenye akiba ya Birmingham. Ajabu, sivyo?

Na aliyeyafanya maji kuwa mali ya jiji mwaka 1876? Meya Joseph Chamberlain, ambaye mwaka 1900 alikuwa mkuu wa kwanza wa chuo hiki hiki. Mnara wa saa wa chuo wenye jina lake una urefu wa mita 100. (Enzi hizo hizo, Sultani Barghash naye alikuwa akiwaletea watu wa Mji Mkongwe, Unguja, maji ya chemchemi kwa bomba.)

Viwanda vya Birmingham vilipampu mpaka maji yakashuka sana. Vilipopungua, yakaanza kupanda tena, na mwaka 1993 ikatolewa ripoti nzima kuwaonya wahandisi kuhusu misingi ya majengo.

Sasa sogea karibu uone yanavyopimwa. Mpimaji hushusha kisimani utepe wenye alama za mita. Ncha ikigusa maji tu, piii! Anasoma namba, anaandika. Kisha kisima kimoja hupampuliwa kwa saa nyingi huku jicho likiwa kwenye kisima cha jirani: kiasi maji yake yanavyoshuka ndicho kinachosema mwamba unapitisha maji kwa kasi gani.

Vipimo hivyo hutumika kuunda modeli, yaani mfano wa jinsi maji yanavyopita mwambani. Je, wajua kwamba kabla ya kompyuta kuenea, maji yaliigizwa kwa umeme? Nyaya na vizuizi vya umeme vilisimama badala ya mwamba, na volti badala ya kimo cha maji! Ken Rushton, mhandisi wa chuo hiki, alikuwa bingwa wa modeli hizi, za umeme na za kompyuta pia. Leo dunia nzima hutumia MODFLOW, programu ya Wamarekani ya kuigiza maji ya ardhini iliyotoka mwaka 1984, nayo ni ya bure. Kiini chake? Kanuni ya Henry Darcy, Mfaransa aliyepitisha maji kwenye bomba la mchanga na kuchapisha matokeo mwaka 1856.

Na ukitaka kuchota maji kule Uingereza, zaidi ya lita 20,000 kwa siku, madumu 1,000 kamili, sharti uwe na kibali.

Bado moja! Mwaka 2022 wanasayansi wa chuo hiki walitangaza kifaa kinachotumia atomi kupima mvuto wa dunia. Kiligundua handaki lililofukiwa mita moja chini ya barabara, bila kuchimba hata koleo moja, na wanatumaini siku moja kitawasaidia kufuatilia maji yaliyo ardhini.