Sehemu za Nyumba Zinazostahili Idhini: Mfano wa Mji wa Kale wa Lamu

Aghalabu, kanuni za kuhifadhi miji ya kihistoria hukagua yale yanayoonekana kutoka barabarani. Ndivyo ulivyofanya mji wa Charleston, Marekani, ulipotunga kanuni zake mwaka 1931. Makala haya yanashikilia kwamba kigezo hicho kikihamishiwa Lamu jinsi kilivyo, kitalinda ganda na kuacha kiini.

Nyumba ya mawe ya Lamu huupa mtaa kisogo. Mpita njia huona ukuta mtupu, daka lenye mabaraza yake na mlango wa nakshi. Pengine na wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili. Kwamba hizi zahitaji idhini, hapana ubishi. Kimo cha jengo nacho chahitaji, ila kwa sababu ambayo mgeni huenda asiitambue: ghorofa ikiongezwa, jirani huchunguliwa kiwandani mwake, na sitara ya nyumba ikaondoka.

Hata lipu si jambo dogo. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Ukipakwa saruji, unyevu hunaswa ndani na ukuta ukaanza kumeguka. Boriti za mikoko nazo ndizo zilizoamua upana wa vyumba, usiofika mbali zaidi ya mita 3.

Lakini fahari yenyewe imo katika chumba cha faragha kiitwacho ndani, penye safu za zidaka zilizonakshiwa kwa lipu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipoomboleza kuanguka kwa Pate katika Al-Inkishafi, hakuishia mlangoni. Aliingia hadi kwenye vidaka vya sahani. Mkaguzi anayepita mtaani hafiki huko. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 hudai idhini kabla ya jengo lililolindwa kubadilishwa, na Lamu imo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001; hata hivyo, zidaka zaweza kubomolewa kwa siku moja nyuma ya mlango uliofungwa, pasi na jirani kujua.

Haifai mwenye nyumba aombe ruhusa ya kupaka rangi jikoni mwake. Watu wanaishi humo, na matengenezo ya chokaa ni ghali. Ila zidaka, boriti na kiwanda vyapaswa kutajwa kwa majina yake katika fomu ya maombi, kabla majina hayo hayajabaki kamusini tu.