Hasira Kabla Haijawa Hasara: Funzo la Kamenge

Hasira ni hisia ya kawaida inayomjulisha binadamu kwamba ameonewa, ametishwa au amenyimwa haki yake, na kwa hiyo si ugonjwa wala dhambi. Kinachodhuru ni kitendo kinachoifuata pale mtu anaposhindwa kuitawala. Katika Kamenge, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura nchini Burundi, jambo hili lina uzito wa pekee, kwani baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, uhasama wa kikabila kati ya Wahutu na Watutsi uliigawa mitaa ya jiji, na mwaka 1995 Kamenge yenyewe ikashambuliwa na jeshi, wakazi wakakimbia na nyumba nyingi zikabomolewa.

Wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na tabia, hueleza kwamba hasira huanza mwilini kabla ya kufika kwenye ulimi. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hutambua tishio, kisha mwili humwaga adrenalini, kemikali inayoharakisha mapigo ya moyo na kukaza misuli. Kijana aliyekataliwa bao uwanjani hubana meno, hukunja ngumi na kupaza sauti kabla hajapima kama mwamuzi amekosea kweli, na anayezijua dalili hizo mapema hupata nafasi ya kunyamaza, kuvuta pumzi taratibu au kuondoka kwa muda, kisha kurudi kusema kilichomuudhi bila matusi.

Wako wanaoshauri kwamba mwenye hasira apige mto au apige kelele ili aitoe yote, lakini utafiti wa mwanasaikolojia Brad Bushman wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba waliopiga mfuko wa mazoezi huku wakimfikiria aliyewaudhi walizidi kukasirika. Kuimeza hasira kimyakimya nako si dawa, maana mara nyingi hulipukia kwa mke, mume au mtoto asiyehusika.

Njia ya tatu ilijaribiwa na Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoanzishwa na wamisionari Waksaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambacho kiliwakutanisha vijana wa Kihutu na Kitutsi kutoka mitaa ya kaskazini katika michezo, masomo na mijadala, hata wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata mauaji ya Ndadaye vikiendelea nje ya uzio wake. Mwaka 2002 kituo hicho kilitunukiwa tuzo ya kimataifa iitwayo Right Livelihood kwa kuonyesha kwamba vijana wanaweza kuishinda chuki kwa pamoja.

Hata hivyo, si kila hasira huponywa na uwanja wa mpira. Mtu aliyeshuhudia mauaji anaweza kubaki na jeraha la nafsi, ambalo humfanya ashtuke upesi, akose usingizi na kufoka kwa jambo dogo. Huyo anahitaji matibabu, wala hahitaji kulaumiwa. Huduma za namna hiyo hutolewa na Kituo cha Magonjwa ya Akili cha Kamenge, kilichoanzishwa mwaka 1981 na watawa wa shirika la Frères de la Charité. Kwa hiyo, anayeona mkono wake unaitangulia akili yake mara kwa mara, au anayeishi na mtu wa namna hiyo, asingoje mpaka pawe na majeruhi: atafute msaada mapema, kwani jeraha la nafsi hutibika, na kuitawala hasira hufundishika.