Mtoto hujijua anapotumwa

Kuna jaribio ambalo wanasaikolojia wamelitumia tangu miaka ya 1970 kupima kama mtoto amekwishajitambua. Anabandikwa alama kwenye paji la uso bila mwenyewe kujua, kisha anawekwa mbele ya kioo. Akipeleka mkono kwenye paji lake na kuigusa, amefaulu. Watoto wengi wa Marekani hufaulu kabla au mara tu baada ya kutimiza miaka miwili. Mwaka 2011 Tanya Broesch na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio hilo kwa watoto 82 wa Kenya, wenye umri wa kuanzia mwaka mmoja na nusu hadi sita. Walioshika alama walikuwa wawili. Wengi wa waliobaki waliganda, wakajitazama, wasiguse kitu.

Mwenye haraka atasema watoto hawa hawajijui. Lakini mtoto wa miaka mitano anayembeba mdogo wake mgongoni na kuchunga asidondoke, hajijui vipi? Watafiti wenyewe hawakufikia hukumu hiyo. Walieleza kwamba kutogusa alama si ushahidi wa kukosa nafsi, na kwamba mtoto aliyelelewa kusubiri mkubwa aseme anaweza kuiona alama vizuri kabisa na bado asichukue hatua mwenyewe. Mimi nakubaliana nao, tena kwa nguvu zaidi. Naona watoto wale walikuwa wanajijua mbele za watu, na huko ndiko kujijua kunakoanzia.

Utafiti wa Heidi Keller wa mwaka 2004 unatusogeza mbele. Alilinganisha watoto wa wakulima wa Kinso nchini Kamerun na watoto wa familia za mjini Ugiriki na Costa Rica. Wakiwa na miezi mitatu, watoto wa Kinso walibebwa na kuchezeshwa mwili zaidi, wale wa Ugiriki wakazungumzishwa uso kwa uso zaidi na kuonyeshwa vitu. Walipofikia mwaka mmoja na nusu hivi, wa Ugiriki walitangulia kujitambua kwenye kioo. Wa Kinso walitangulia kujitawala: wakiambiwa walete kitu wanaleta, wakikatazwa wanaacha. Wa Costa Rica walikuwa katikati. Ni njia mbili za kukua, na hakuna sababu ya kuiita moja maendeleo na nyingine kuchelewa.

Sasa tumtazame mtoto wa miaka sita aliyetumwa dukani. Njiani anarudiarudia asisahau: robo ya sukari, kiberiti, mafuta ya jero. Akifika anaanza kutaja vitu, na mama mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake anamkata: "Huamkii wakubwa?" Anarudi nyuma, anasema shikamoo, anaitikiwa marahaba, ndipo Mangi, mwenye duka, anamgeukia na kumuuliza, "Mama yako kakutuma nini?" Anapewa vitu na chenji. Nyumbani mama anaihesabu chenji mbele yake.

Hapo hakuna aliyetoa somo la maadili. Mtoto amejifunza kwamba maneno yake hayasikilizwi kabla ya salamu, kwamba mama asiyemzaa ana haki ya kumkosoa, kwamba fedha aliyoshika ina mwenyewe. Na amejifunza jambo ambalo kioo hakiwezi kumwonyesha: kuna watu wanaomjua yeye ni wa nani, na kuna chai isiyonyweka mpaka yeye arudi.

George Herbert Mead, aliyefundisha Chicago, aliliona hili mapema. Kitabu kilichokusanya mihadhara yake kilitoka mwaka 1934, miaka mitatu baada ya kufa kwake. Alisema mtoto huipata nafsi yake kwa kushika nafasi za wengine. Kwanza huigiza mmoja mmoja: leo mama, kesho mwenye duka. Baadaye anaingia kwenye mchezo wenye sheria, na humo lazima abebe kichwani nafasi za wachezaji wote kwa pamoja. Anayecheza rede anajua warushaji wawili wanataka nini, na wale wanaokwepa pamoja naye wanamtegemea kwa lipi. Akivunja sheria, wenzake wanapiga kelele kabla mkubwa hajafika. Huko Leipzig, Hannes Rakoczy na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba watoto wa miaka mitatu walioonyeshwa mchezo walimwonya mwanasesere aliyeucheza kinyume: sivyo, inafanywa hivi! Hawakuwa wameambiwa wasimamie sheria.

Kazi ya nyumbani inafika mbali zaidi ya mchezo. Carol Ember alikwenda kwa Waluo wa eneo la Oyugis, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1960, akafuatilia wavulana waliokuwa wakifanya kazi zinazohesabiwa kuwa za wasichana, mara nyingi kwa kuwa nyumbani hapakuwa na msichana wa umri unaofaa. Waliofanya kazi za ndani, pamoja na kulea watoto, walikuwa na ubabe mdogo kuliko wenzao, tena hata saa ambazo hawakuwa kazini. Kazi ilikuwa imewaingia tabiani. Hili linanigusa kila ninapoona mvulana wa miaka kumi ameketi akisubiri dada yake ampakulie.

Naelewa kwa nini wazazi wa mjini hawawatumi watoto tena. Barabara zina magari, jirani hafahamiki, na dada wa kazi anamaliza kila kitu kabla mtoto hajaamka. Simshauri mtu kumsukuma mtoto barabarani. Ndani ya nyumba kuna kazi za kutosha, ila ichaguliwe ile ambayo ikiachwa kuna mtu ataumia kidogo: maji ya bibi ya kunywea dawa, chakula cha kuku, nepi ya mdogo wake. Kupanga viatu ili apewe pipi hakutoshi, maana hapo anayemtazama ni mzazi peke yake. Na akisahau maji ya bibi, mzazi asimalize shauri mwenyewe kwa kugomba. Ampeleke kwa bibi, mtoto aseme alichosahau, amsikie bibi atakavyomjibu.