Lori tupu ndilo huanguka kwanza

MFANYABIASHARA anayekodi semitrela huuliza mambo matatu: nauli kwa tani, siku za safari, na kama yupo utingo wa kulinda mzigo. Upepo hauulizwi. Huhesabiwa kuwa ni shauri la manahodha wa majahazi, si la watu wa barabara ya lami. Hata hivyo, upepo huangusha malori kila mwaka katika nchi mbalimbali, na jambo ambalo wenye mali wengi hawalijui ni kwamba gari lililo hatarini zaidi si lile lililosheheni saruji. Ni lile linalorudi tupu, au lililobeba mzigo mkubwa kwa umbo lakini mwepesi kwa uzito.

Hesabu yake si ngumu. Kontena la futi 40 lina ubavu wa mita za mraba zipatazo 31. Upepo wa kilometa 45 kwa saa ukilipiga ubavuni hulisukuma kwa nguvu ya kilo 300 hivi. Upepo ukifika kilometa 90, mtu angetarajia kilo 600, lakini sivyo. Kasi ya upepo ikiwa mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Kwa hiyo msukumo unafika kilo 1,200 hivi. Nao upepo haujali kilichomo ndani. Kontena tupu lina uzito wa chini ya tani nne, na likijazwa laweza kufika tani 30. Ubavu ni uleule na msukumo ni uleule. Kinachotofautiana ni uzito wa kulishikilia chini.

Tena kontena likiwa juu ya tela, katikati ya ubavu wake huwa karibu mita tatu kutoka barabarani, ilhali upana wa gari lote ni mita mbili na nusu tu. Kama vifungio vinne vya pembeni havikukazwa, kontena tupu laweza kung'oka na kuliacha tela.

Jinsi kosa la namna hiyo linavyoweza kuwa ghali ilionekana Scotland, usiku wa kuamkia Januari 11, 2017. Daraja la Forth, lililofunguliwa mwaka 1964 kuvuka mlango wa mto karibu na Edinburgh, lilikuwa limefungwa kwa magari yenye bodi za juu kutokana na upepo mkali. Lori moja likapita. Mnamo saa nane usiku upepo ukalilaza juu ya kizuizi cha katikati ya barabara. Dereva alinusurika, lakini daraja lilifungwa kwa muda wa saa 19 hivi.

Wenye biashara wanajua maana ya saa 19. Daraja hilo lilikuwa likipitisha zaidi ya magari milioni 20 kwa mwaka. Siku hiyo malori ya vyakula, ya posta na ya viwanda yalilazimika kuzunguka kwa daraja la Kincardine, yakitumia mafuta na muda ambao haukuwa katika bei ya mtu yeyote. Aliyepata hasara hakuwa mwenye lori peke yake. Daraja jipya la Queensferry lililofunguliwa kando yake Agosti mwaka huohuo, kwa gharama ya Pauni bilioni 1.35, lilijengwa na kuta za kukinga upepo pande zake zote mbili. Hiyo ni fedha iliyotumika kununua uhakika wa safari, na kwa uchumi unaotegemea barabara si fedha iliyotupwa.

Marekani nako, katika jimbo la Wyoming, barabara kuu namba 80 hukatiza nyanda za juu kati ya Laramie na Rawlins, ambako upepo wa majira ya baridi ni maarufu kwa kulaza malori. Mamlaka ya barabara huko haisubiri mpaka iwe lazima kuifunga kwa wote. Hutangaza kwanza kuwa imefungwa kwa magari mepesi yenye bodi za juu. Lori zito huruhusiwa, jepesi huambiwa lisubiri. Katika sehemu nyingi mwenye lori huogopa mizani kwa sababu ya kuzidisha uzito. Hapo anazuiwa kwa sababu ya upungufu wa uzito!

Kwa dereva, upepo unaovuma sawasawa si mbaya kama dharuba ya ghafla. Gari likiwa limekingwa na kilima au msitu, kisha likatokea kwenye daraja au uwanda wazi, husukumwa kwa mara moja. Dereva hukata usukani kuelekea upepo unakotoka. Akipishana na lori jingine kubwa, kinga hurudi kwa nukta chache, na usukani alioukata humpeleka mahali asipotaka. Kupunguza mwendo humpa nafasi ya kujirekebisha, lakini upepo ukizidi hakuna ustadi unaotosha. Dawa ni kuegesha mahali palipokingwa, au angalau kuelekeza kichwa cha gari kwenye upepo. Magari ya turubai yanaporudi tupu, baadhi ya madereva Ulaya hufungua mapazia ya pande zote mbili na kuyafunga kwa nyuma, ili upepo upite katikati.

Kwa anayepakia magodoro, ndoo za plastiki au kreti tupu za soda, uwezekano wa kujaza bodi mpaka juu kwa tani chache unavutia. Nauli kwa kipande hushuka. Kinachopanda hakionekani kwenye risiti. Ni vizuri pia kukumbuka kwamba bima ndogo ya gari hulipa madhara waliyopata watu wengine. Haimlipi mwenye lori, wala haigusi magodoro. Mzigo unahitaji bima yake.

Suala linalobaki ni la posho. Dereva anayelipwa kwa idadi ya safari hupata hasara akisubiri upepo utulie, na tajiri aliyeko mjini hupata hasara ndogo tu. Wanahisa watatu waliochanga akiba zao kununua semitrela moja iliyotumika hawana gari la pili la kuziba pengo likilala mtaroni. Kwao usiku mmoja wa kusubiri ni gharama inayohesabika: chakula cha watu wawili, ada ya maegesho na mteja mmoja mwenye hasira. Katika mikataba ya kukodi, siku za kusubiri bandarini na mpakani huandikwa nani atazilipa. Usiku wa upepo waweza kuandikwa katika mstari huohuo, pamoja na posho ya dereva kwa usiku huo.