PICHA INAYOCHEZA NDANI YA BARUA PEPE: MBONA INAGOMA?

Siku hizi barua haziji kwa basi na sanduku la posta peke yake. Nyingine zinapita katika simu na kompyuta. Hizo ndizo barua pepe. Chama cha msingi kinapata barua pepe kutoka kwa mnunuzi wa mazao. Mzazi anapata barua pepe kutoka kwa mtoto aliye chuoni. Na ndani ya barua hizo mara nyingi zimo picha. Kuna picha zilizotulia kama picha ya ukutani. Kuna nyingine zinacheza: mkono unapunga, jembe linapanda na kushuka, maji yanatiririka.

Wanakisomo wanatuuliza: mbona picha inacheza vizuri kwangu, lakini ikifika kwa mwenzangu imesimama kama gogo?

Tuchukue mfano. Tuseme katibu wa kikundi cha wakulima anataka kumfundisha katibu wa kijiji kingine namna ya kufunga mfuko wa kuhifadhia mahindi. Ni ile mifuko ya tabaka tatu. Tabaka mbili za ndani ni za nailoni, na la nje ni kiroba cha kawaida. Kila tabaka linafungwa peke yake, moja baada ya jingine. Hewa ikikosa njia ya kuingia, wadudu waliomo ndani huimaliza, nao huacha kula na kufa. Lakini ukifunga ovyo, hewa inaingia. Dumuzi anaendelea na kazi yake, na baada ya miezi michache unafungua mfuko unakuta unga na vumbi. Kazi ya kufunga ni ya mikono, nayo kuieleza kwa maneno matupu ni taabu. Basi katibu wetu anatengeneza picha inayocheza, anaituma. Kule inakofika, inagoma. Kwa nini?

PICHA HUCHEZAJE?

Kwa kweli hakuna picha inayocheza. Ni macho yetu yanayodanganywa. Umewahi kuona mtoto wa shule akichora mtu kwenye pembe ya kila ukurasa wa daftari? Ukurasa wa kwanza mguu uko chini, wa pili umeinuka kidogo, wa tatu umeinuka zaidi. Akifyatua kurasa haraka kwa kidole gumba, yule mtu anakimbia. Wazee wanaokumbuka gari la sinema lililokuja kijijini na kutundika shuka jeupe, nao waliona jambo hilo hilo. Sinema huonyesha picha 24 katika kila sekunde moja, na jicho haliwahi kuona pengo.

Picha inayocheza katika barua pepe, mara nyingi, ni ya aina inayoitwa GIF. Aina hiyo ilitolewa mwaka 1987 na kampuni ya CompuServe ya Marekani. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Steve Wilhite. (Watu wanabishana hadi leo, eti isomwe "gif" au "jif". Wilhite mwenyewe alisema ni "jif". Alifariki mwaka 2022, na ubishi haujaisha.) Mwaka 1989 GIF iliboreshwa, ikaweza kuambiwa kila picha ikae kwa muda gani kabla ya kuipisha nyingine. Muda huo unahesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde. Ukitaka picha ikae sekunde mbili, unaandikwa 200. Halafu, katikati ya miaka ya 1990, programu ya Netscape ya kufungulia kurasa za intaneti ilileta amri ya kurudia. Picha zikifika mwisho zinaanza upya, tena na tena.

Kwa hiyo GIF moja ni kama daftari. Ni faili moja lenye picha nyingi, zimepangwa kwa zamu, na kila picha ina muda wake. Haina sauti. Kila picha katika GIF ina rangi zisizozidi 256, kwa hiyo picha ya kamera ikigeuzwa GIF huonekana ina madoadoa kidogo. Michoro ya mistari ndiyo inayotoka safi.

BARUA PEPE ILIKUWA YA MANENO TU

Barua pepe ya kwanza kupita kati ya kompyuta mbili katika mtandao ilitumwa na Ray Tomlinson kule Marekani mwaka 1971. Ndiye aliyechagua ile alama ya @ iwe katikati ya jina la mtu na jina la mahali. Siku zile barua ilibeba herufi na tarakimu tu. Njia zilizojengwa kupitisha barua zilijengwa kwa ajili ya herufi.

Mwaka 1992 ulipatikana utaratibu unaoitwa MIME. Huo unaigeuza picha kuwa mfululizo mrefu wa herufi, inasafiri kama maneno, halafu kule inakofika inageuzwa tena kuwa picha. Barua pepe zetu za leo bado zinafanya hivyo. Safari hiyo ina nauli yake. Mzigo unaongezeka kwa theluthi moja. Faili la megabaiti 3 linasafiri likiwa kama megabaiti 4. Anayenunua bando la shilingi chache atalihisi hilo mapema.

SASA INAGOMA WAPI?

Sababu ya kwanza iko kwa mtumaji, nayo ndiyo tunayokutana nayo zaidi vijijini. Picha fupi zinazocheza katika WhatsApp watu wanaziita GIF, lakini zinavyosafirishwa mle si GIF. Ni video fupi zisizo na sauti. Ukiichukua moja ukaiweka katika barua pepe, umeweka video, na barua pepe nyingi hazichezi video ndani ya barua. Video inakaa chini kama kiambatisho, inasubiri kufunguliwa. Dawa yake ni kutazama jina la faili. Likiishia na .gif, ni GIF. Likiishia na .mp4, ni video. Likiishia na .jpg, ni picha moja iliyotulia, haitacheza hata uibembeleze. (Na mtu akikutumia eti picha, halafu jina lake likaishia na .apk au .exe, usiifungue. Hiyo ni programu, na huenda ni ya mwizi.)

Tena kuna wanaopiga picha ya kioo cha simu wakati GIF inacheza, halafu wanaituma hiyo. Hapo umechukua ukurasa mmoja wa daftari, umeacha daftari. Hata kunakili picha na kuibandika ndani ya barua kunaweza kuchukua ukurasa mmoja tu, kwa kutegemea programu. Njia ya hakika ni kulihifadhi faili lenyewe katika simu au kompyuta, kisha kulitia kwa kitufe cha kuweka picha au cha kuambatisha.

Sababu ya pili iko kwa mpokeaji, na hapo mtumaji hana mamlaka. Barua inabeba picha, lakini programu ya mpokeaji ndiyo inayoamua namna ya kuionyesha. Gmail inaicheza GIF. Programu ya barua ya simu za iPhone inaicheza. Lakini ofisi nyingi duniani zimetumia programu ya Microsoft inayoitwa Outlook. Toleo la mwaka 2003 lilionyesha barua kwa kutumia mitambo ya kurasa za intaneti, na GIF zilicheza. Toleo la 2007 likaja na badiliko: barua zikawa zinaonyeshwa kwa mitambo ya Word, yaani programu ya kuandikia nyaraka. Nayo Word haikuwa na kazi na picha zinazocheza. Toleo hilo, na matoleo kadhaa yaliyolifuata, yakawa yanaonyesha picha ya kwanza tu. Matoleo mapya yanacheza, lakini kompyuta ya zamani haitupwi kirahisi, hasa ikiwa ni ya ofisi.

Mpokeaji wa namna hiyo hajakosa kila kitu. Anaweza kulihifadhi faili katika kompyuta, kisha akalifungua kwa kivinjari, yaani programu ile ile anayofungulia kurasa za intaneti. Humo itacheza.

Sababu ya tatu ni picha ambayo haimo katika barua kabisa. Makampuni mengi hayatumi picha yenyewe. Yanaweka anwani, na simu yako inaifuata picha kule iliko unapofungua barua. Kuifuata huko kunamjulisha mtumaji kwamba barua imefunguliwa, ndiyo maana programu nyingine huziba picha mpaka wewe uruhusu. Kama unaona kisanduku kitupu, tafuta maneno ya kuruhusu picha. Ruhusu kama unamjua aliyekuandikia.

PICHA YA KWANZA NDIYO BARUA

Turudi kwa katibu wetu. Alikuwa amepanga GIF yake hivi. Picha ya kwanza ilikuwa na maua na neno "Karibuni!" Ya pili, mikono inakunja mdomo wa nailoni. Ya tatu, inafunga kamba. Na kadhalika. Sasa fikiria katibu mwenzake amefungua barua kwa Outlook ya zamani. Ameona nini? Maua na "Karibuni!" basi. Hajui kama kuna zaidi. Pengine anadhani ni salamu za sikukuu. Magunia yake yanafungwa kwa desturi ya siku zote, na dumuzi anashukuru.

Laiti picha ya kwanza ingekuwa na hatua zote nne, zimechorwa ndogo ndogo na kuandikwa namba, kompyuta ya zamani ingeonyesha somo zima hata ikiwa imesimama. Kisha picha zinazofuata zikaonyesha hatua moja moja kwa ukubwa. Sisi tunaona hili ndilo jambo la kwanza kabisa kulipanga, kabla ya rangi na mapambo.

Tena si lazima mkono uende laini kama katika sinema. Ukirekodi sekunde 5 kwa picha 10 kila sekunde, una picha 50 ndani ya faili. Hatua nne zinahitaji picha tano: ile ya jumla na moja kwa kila hatua, kila moja ikae sekunde mbili au tatu ili msomaji aione vizuri. Kama kila picha ina kilobaiti 50, faili la picha tano ni kilobaiti 250, na lile la picha 50 linaweza kufika 2,500, yaani kama megabaiti mbili na nusu. Gmail inakubali viambatisho vya hadi megabaiti 25 katika barua moja, lakini usimpime mwenzako kwa kipimo hicho. Yeye ndiye atakayelipia bando la kuvipokea. Zipo programu za simu na za kompyuta zinazounganisha picha zako kuwa GIF. Unachagua picha, unazipanga, unaweka muda, unachagua kurudia, unahifadhi.

PICHA ISIWAKEWAKE

Kuna watu wanapenda picha inayowaka na kuzima haraka haraka ili ivute macho. Hiyo ina hatari. Tarehe 16 Desemba 1997, watoto wa Japani walikuwa wakitazama kipindi cha katuni za Pokémon katika televisheni. Ikapita sehemu ya nuru nyekundu na ya bluu zikipokezana kwa kasi. Zaidi ya watoto 600 walipelekwa hospitali, wengine wakiwa na degedege. Baadhi ya watu wenye kifafa hushikwa na nuru inayomemeteka, na wengine hawajui kama wana hali hiyo mpaka siku inapotokea. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, hakuna aliyetupiwa. Kanuni zinazotumika duniani kwa kurasa za intaneti zinasema kitu kisimemeteke zaidi ya mara tatu katika sekunde moja. Kwa somo letu la mfuko, hakuna haja ya kumemeteka hata mara moja.

JARIBU KABLA YA KUTUMA

Jitumie barua wewe mwenyewe kwanza. Kisha mtumie mtu mmoja mwenye kompyuta ya zamani, kama mwalimu au karani, umwulize ameona nini. Usimwulize kama imefika. Kufika itafika. Na chini ya picha andika maneno, maana maneno hayagomi katika programu yoyote. Katibu wetu angeweza kuandika hivi:

"Ndugu Katibu, salaam. Picha hii inacheza. Ikisimama, usijali, hatua zote zimo. Moja: mahindi yawe yamekauka sawasawa, yajaze katika nailoni ya ndani na uache nafasi ya kufungia. Mbili: kamua hewa kwa mikono, sokota mdomo wa nailoni hiyo, ukunje, ufunge kwa kamba kwa nguvu. Tatu: fanya vile vile nailoni ya pili. Nne: fanya vile vile kiroba cha nje. Ukiona tundu katika nailoni, usiitumie. Nijibu umeona picha ngapi."