Hila, Ahadi na Sheria

Leo twapenda kuzungumza nanyi, ndugu zetu, juu ya jambo linaloingiza majonzi katika nyumba nyingi, nalo ni la mtu kutoa mali yake kwa mkono wake mwenyewe, kisha akatambua ya kuwa amedanganywa. Mwenye kuibiwa usiku hupiga mayowe, majirani wakaja. Bali mwenye kudanganywa huona haya, akajilaumu, akanyamaza. Na wengine wakienda kushtaki huambiwa, "Hili si neno la polisi, ni neno la madai." Hurudi kwao wakidhani ya kuwa sheria haiwajali. Kumbe sheria ina kipimo chake, na mwenye kukijua hujua pa kupeleka shauri lake. Tutakieleza kwa kufuata sheria ya Kenya.

Natumwaze mjane mmoja mwenye ng'ombe wachache na kijana aliyemaliza shule. Usiku mmoja mtu aliingia zizini akamchukua ndama. Baada ya siku chache akaja mtu wa pili, amevaa vizuri, akasema, "Mama, mimi ni karani katika ofisi inayoandika askari. Jina la mwanao limekwisha andikwa. Imebaki ada tu, shilingi 50,000." Mama akauza ng'ombe, akalipa. Kumbe yule hakuwa karani, wala jina halikuandikwa popote. Mwisho akaja fundi, akasema, "Nipe shilingi 50,000, na mwezi ujao nitakuletea mabati nikuezekee nyumba." Mwezi ukapita, ukapita na wa pili, mabati hayakuonekana.

Mjane huyu amepata hasara mara tatu, na machozi yake ni yale yale. Walakini sheria huyaita mambo hayo kwa majina matatu. La kwanza ni wizi, kwa kuwa mali ilichukuliwa pasipo ridhaa ya mwenyewe. La pili si wizi, maana mama alitoa fedha kwa ridhaa yake; lakini ridhaa hiyo ilipatikana kwa uongo, na hilo ni kosa la jinai lenye jina lake: kujipatia mali kwa uongo. La tatu, kama hapana neno zaidi ya hayo tuliyoyasimulia, ni deni. Wahenga walisema ahadi ni deni, na sheria yasema vivyo hivyo: deni hudaiwa, wala kuvunja ahadi peke yake si jinai.

Je, ni nini kilichomtenga karani wa uongo na fundi? Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1930 na ambayo ingali ikitumika pamoja na mageuzi yake, yajibu katika kifungu cha 312. Uongo unaoadhibiwa ni habari ya jambo lililopita au lililopo sasa, iliyotolewa kwa maneno, kwa maandishi au kwa matendo, nayo si kweli, na mwenye kuitoa ajua ya kuwa si kweli, au haamini kuwa ni kweli. Karani alisema "mimi ni" na "limekwisha andikwa". Maneno hayo yangaliweza kuchunguzwa siku ile ile, yakaonekana kuwa uongo. Fundi alisema "nitakuletea". Na ya kesho hapana awezaye kuyapima leo. Kifungu cha 313 chasema ya kuwa mwenye kupata mali kwa uongo huo, akiwa na nia ya kudhulumu, aweza kufungwa hadi miaka 3.

Kipimo hiki asili yake ni Uingereza. Mnamo mwaka 1703 mtu mmoja huko alijifanya ametumwa na mwenye fedha, akapewa pauni 20. Majaji walikataa kumwadhibu, wakasema aliyedanganywa na adai. Siku zile aliyeadhibiwa ni yule aliyetumia vipimo vya uongo au alama za uongo, ambavyo hata mwenye hadhari asingeweza kujikinga navyo. Mwaka 1757 Bunge likaona hayo hayatoshi, likatunga sheria ya kumwadhibu kila apataye mali ya mwenziwe kwa uongo. Hata hivyo, ahadi iliachwa nje. Mwaka 1955 mtu aliyepokea fedha za wakulima, akiahidi kuwaangamizia wanyama waharibifu mashambani, aliachiliwa na mahakama ya rufani, kwa kuwa maneno ya nia ya baadaye hayakuhesabiwa kuwa uongo wa jinai. Uingereza ilibadili neno hilo mwaka 1968, ikaitia na nia ya mtu katika hesabu. Bali kifungu cha Kenya chashika bado yaliyopita na yaliyopo.

Msidhani ya kuwa uongo ni wa mdomo tu. Mwaka 1837, katika mji wa Oxford, mtu asiye mwanafunzi alikwenda dukani amevaa joho na kofia ya chuo kikuu ili apewe bidhaa. Jaji alisema ya kuwa hata kama asingalitamka neno, vazi lile lingetosha kuwa uongo. Basi avaaye nguo za askari naye si askari, amekwisha sema uongo kabla ya kufumbua kinywa.

Tena kuna kosa la kuhadaa, katika kifungu cha 315. Mfanya biashara akiinua kitako cha pishi kwa ndani, mnunuzi akalipa fedha nyingi kuliko ambazo angelipa kama asingefanyiwa hila ile, muuzaji huyo naye aweza kufungwa hadi miaka 3.

Sasa turudi kwa fundi wetu, maana hapa ndipo penye faida kubwa ya kujua. Kama angalisema, "Mabati yako nimekwisha yanunua, yako stesheni, imebaki kodi ya lori," na mabati hayo hayakuwapo, angalikuwa ametoka katika deni na kuingia katika jinai. Neno moja hugeuza shauri zima. Kwa hiyo mtu akikutaka fedha, sikiliza sana asemayo kuwa yapo au yamekwisha kuwa. Nenda ukayatazame kabla ya kulipa. Akikwambia ni karani, nenda ofisini ukaulize. Akikuuzia shamba, nenda katika ofisi ya ardhi ukaone limeandikwa kwa jina la nani. Maneno yake yaandike siku ile ile, pamoja na tarehe na majina ya waliosikia. Na kama ni ujumbe wa simu, usiufute. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mahakamani hapana budi kuonyeshwa mambo haya yote: kwamba habari ilikuwa ya uongo, kwamba msemaji alijua, kwamba alikusudia kudhulumu, na kwamba mali ilitolewa kwa sababu ya uongo ule. Moja likikosekana, mshtakiwa huachiliwa kwa kosa hilo. Lakini mwenye kudai deni naye asikate tamaa. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, isikilizayo madai yasiyozidi shilingi 1,000,000.

Basi mjane wetu ana milango miwili: kwa mwivi na kwa karani wa uongo, aende polisi, kwa fundi, aende akadai. Asilolazimika kufanya ni kunyamaza. Haya si yake. Ni ya yule aliyemdanganya.